Tumbo Likigoma, Je, Kosa ni la Chakula?

Mwaka wangu wa kwanza wa uzamili niliishi chumba kimoja na jamaa aliyebandika karatasi nyuma ya mlango. Juu aliandika kwa kalamu nyekundu: SILI. Chini yake orodha: maziwa, maharage, chapati, mkate, mayai, kitunguu, karanga. Kila baada ya wiki mbili tatu anaongeza kitu kipya. Kufika Desemba alikuwa anakula wali mweupe, mchicha na kuku wa kuchemsha basi, na suruali zake zote zilikuwa hazikai bila mkanda.

Mambo yalianza Agosti. Alikwenda kukusanya data kijijini, akakaa huko wiki tatu, akarudi anaharisha. Kuharisha kukaisha, lakini tumbo halikurudi kuwa lile la zamani. Gesi, kujaa, kukatakata, leo choo chepesi, kesho kawaida. Siku moja akanywa chai ya maziwa, nusu saa haikupita tumbo likaanza kunguruma. Akaacha maziwa. Akapata nafuu kidogo, halafu maharage nayo yakaanza. Akaacha maharage. Nadhani unaona tunakoelekea.

"Nina aleji na kila kitu," akaniambia. Mimi nasoma baiolojia, nikajiona nina wajibu wa kusaidia. Ukweli ni kwamba sikujua nianzie wapi. Makala hii ni yale niliyojifunza wakati tunatafuta, na naiandika kwa sababu najua kuna wengi wenye karatasi kama ile, hata kama hawajaibandika mlangoni.

Siyo kila kitu ni aleji

Mtaani kwetu chakula chochote kinachokusumbua kinaitwa aleji. Kitabibu, hapo kuna angalau mambo matatu tofauti, na kila moja lina njia yake.

La kwanza ni mzio wenyewe. Hapa mfumo wa kinga ya mwili unakosea: unaiona protini ya karanga au ya samaki kama adui, na unatengeneza dhidi yake kingamwili za aina ya IgE. Ukila tena, kemikali kama histamini zinamwagwa ghafla. Dalili huja haraka, mara nyingi ndani ya dakika chache hadi saa mbili: mabaka, kuwashwa, midomo kuvimba, kutapika, na kwa wengine kushindwa kupumua. Chembe ndogo tu inatosha, na mzio mkali unaweza kuua.

La pili ni kutovumilia chakula. Hapa kinga haihusiki. Ni suala la usagaji: mwili hauna kimeng'enya cha kutosha cha kuvunja kitu fulani, au hauwezi kukifyonza. Na hapa kiasi kina maana kubwa. Asiyevumilia maziwa anaweza kunywa nusu kikombe akaenda zake darasani, akinywa lita moja ndipo anajuta.

La tatu ni seliaki. Ni ugonjwa ambao kinga, ikichokozwa na gluteni ya ngano, shayiri au rai, inaushambulia ukuta wa utumbo mwembamba wa mtu mwenyewe. Huu si mzio wala si kutovumilia.

Mwenzangu hakuwahi kuvimba midomo wala kutoka mabaka. Dalili zake zote zilikuwa tumboni, na zilitegemea amekula kiasi gani. Kwa hiyo mzio tukauweka pembeni.

Maziwa: swali zuri ni "tangu lini?"

Sukari ya maziwa inaitwa laktosi. Ni kubwa mno kufyonzwa ilivyo, kwa hiyo kimeng'enya kiitwacho laktasi huikata vipande viwili, glukosi na galaktosi. Mtoto mchanga anacho tele. Baada ya kuachishwa ziwa, kwa mamalia karibu wote, uzalishaji wake hushuka. Binadamu tuko hivyo hivyo: takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani hawana laktasi ya kutosha. Laktosi isiyokatwa huvuta maji ndani ya utumbo, halafu huteremka hadi utumbo mpana, ambako bakteria huishangilia. Wanaichachusha na kutoa gesi, haidrojeni ikiwemo. Ndiyo maana kuna kipimo cha kupuliza: unapewa laktosi unywe, kisha unapimwa haidrojeni kwenye pumzi.

Sasa kuna watu ambao laktasi yao haizimiki ukubwani, na hapa Afrika Mashariki tumo kwenye hadithi. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha watu 470 kutoka makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Waliwanywesha laktosi na kupima jinsi sukari ilivyopanda kwenye damu, kisha wakasoma DNA zao. Wakakuta mabadiliko ya kijeni yanayoiacha laktasi iendelee kufanya kazi, na hayakuwa yale ya Wazungu yaliyogunduliwa nchini Finland mwaka 2002. Yaani wafugaji wa huku na wafugaji wa Ulaya walifika mahali pamoja kwa njia mbili tofauti, wote ndani ya miaka elfu chache tangu watu waanze kukamua ng'ombe.

Kwa hiyo kutovumilia laktosi ukubwani si ugonjwa. Ndiyo hali ya binadamu wengi. Na wengi wao hula mtindi bila shida, kwa sababu bakteria wa kugandisha maziwa wamekwisha kula sehemu ya laktosi kabla yako.

Lakini mwenzangu ametoka familia ya wafugaji. Amekunywa maziwa tangu utotoni hadi ana miaka 24 bila tatizo, kisha ghafla, Agosti, maziwa yanamkataa. Jeni hazibadiliki ndani ya mwezi mmoja. Kama laktasi imepungua ghafla kiasi hicho, kuna kitu kimeipunguza.

Hapa inasaidia kujua laktasi inakaa wapi. Ukuta wa utumbo mwembamba umejaa vijidole vidogo sana, kama manyoya ya zulia, na laktasi hukaa kwenye seli zinazofunika vijidole hivyo, hasa kuelekea nchani. Chochote kinachovichubua, iwe virusi, vimelea au seliaki, huondoka na laktasi mapema kabisa. Ukuta ukipona, laktasi hurudi. Sikulijua hili wakati ule. Ningelijua, tungeokoa miezi minne.

Maharage: hapa sote tu wenye hatia

Maharage yana sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi. Binadamu hatuna kabisa kimeng'enya cha kuzikata. Si mimi, si wewe, si mwanariadha wala bibi yako. Zinafika utumbo mpana zikiwa nzima, bakteria wanazichachusha, gesi inatoka. Ndiyo maana kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga yale maji husaidia: sehemu ya sukari hizo huenda na maji.

Basi kama sote tunatoa gesi, kwa nini mmoja acheke na mwingine ajikunje kitandani? Tofauti inaweza kuwa kwenye mishipa ya fahamu ya utumbo. Kuna watu ambao utumbo wao, ukitanuka kidogo tu, hutuma ubongoni taarifa ya maumivu. Gesi ni ile ile, kengele ndiyo imeongezwa sauti. Hali hii ni ya kawaida kwa wenye tatizo la utumbo uliovurugika, lile linaloleta maumivu na choo kisichotabirika ilhali vipimo vya kawaida havionyeshi kidonda wala uvimbe.

Ngano: hukumu iliyotolewa haraka

Tulipofika kwenye chapati, mwenzangu alikuwa na uhakika kosa ni la gluteni. Gluteni ina kesi ya kweli. Daktari wa watoto wa Kiholanzi, Willem Dicke, alikuwa ameishuku ngano tangu miaka ya 1930. Wakati wa njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945 mkate ulipoadimika Uholanzi, watoto wenye seliaki walipata nafuu. Mkate uliporudi, wakaumwa tena. Mwaka 1950 akaandika tasnifu yake kuhusu jambo hilo, na tangu hapo seliaki inatibiwa kwa kuacha gluteni.

Ila watu wengi wanaosema ngano inawasumbua hawana seliaki. Mwaka 2018 watafiti wa Norway walichapisha jaribio la watu 59 wa aina hiyo. Kila mmoja alikula kwa wiki nzima vipande vya nafaka vyenye gluteni, wiki nyingine vyenye fruktani, ambayo ni kabohaidreti iliyomo pia kwenye ngano, na wiki nyingine visivyo na chochote kati ya hivyo. Kwa macho na kwa ladha havikutofautishwa. Watu 24 waliumwa zaidi kwenye wiki ya fruktani, 13 kwenye wiki ya gluteni, na 22 kwenye wiki ambayo hamkuwa na kitu.

Isome tena hiyo namba ya mwisho. Zaidi ya theluthi moja ya watu walipata dalili zao mbaya zaidi bila gluteni wala fruktani. Hawakuwa waongo. Hofu ya chakula huweza kuleta maumivu halisi, na tumbo lina siku zake mbaya hata usipolifanyia kitu.

Na fruktani inapatikana wapi tena? Kwenye vitunguu maji na vitunguu saumu. Angalia karatasi ya mlangoni: chapati, mkate, kitunguu. Mwenzangu alikuwa ameviandika kama maadui watatu, kumbe huenda ni mmoja.

Kipimo kilichokula pesa

Mwezi wa kumi na moja alilipa fedha nyingi kwenye maabara moja, ambayo sitaitaja, apimwe "hisia za chakula". Wakamtoa damu, akaletewa karatasi ya rangi: nyekundu, njano, kijani. Nyekundu zilikuwa mayai, ngano, maziwa, mchele.

Kipimo kile hutafuta kingamwili za aina ya IgG dhidi ya vyakula. Shida ni kwamba mwili wa mtu mzima wa afya hutengeneza IgG dhidi ya vyakula anavyokula. Ni kumbukumbu kwamba mwili umekutana na chakula hicho. Kwa hiyo ukipimwa, vyakula vinavyotokea nyekundu huwa ni vile unavyovila mara kwa mara. Muungano wa wataalamu wa mzio wa Ulaya ulitoa msimamo mwaka 2008 kwamba vipimo vya namna hii visitumike kutambua matatizo ya chakula, na vyama vya wataalamu vya Marekani na Canada vikafuata na msimamo kama huo. Mwenzangu, aliyebakiwa na wali, akaambiwa aache hata wali.

Siku hiyo ndiyo niliogopa. Alikuwa amepungua kilo tisa.

Tuanze mwanzo: nini kilitokea kabla?

Kuna somo moja la zamani kidogo. Kwa miaka mingi vidonda vya tumbo vililaumiwa pilipili na mawazo. Wagonjwa walinyimwa vyakula, wakapewa maziwa na ushauri wa kutulia. Kule Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren wakaonyesha kwamba chanzo kikuu ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Mwaka 1984 Marshall alimnywa mwenyewe ili kuthibitisha, akapata uvimbe wa ukuta wa tumbo ndani ya siku chache. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Pilipili ilikuwa inawauma watu kweli, ila haikuwa chanzo. Ilikuwa inagusa kidonda kilichokwisha kuwepo.

Somo la pili ni mji wa Walkerton, Canada. Mei 2000 maji ya bomba yalichafuliwa na bakteria. Zaidi ya watu 2,300 waliugua na saba walifariki. Watafiti waliwafuatilia wakazi kwa miaka minane, na wakakuta kwamba walioharisha wakati ule walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kubaki na utumbo uliovurugika, miaka mingi baada ya bakteria wenyewe kuondoka.

Mwaka 2021 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha njia moja ambayo hilo linaweza kutokea. Waliwaambukiza panya bakteria wa tumbo huku wakiwapa protini ya yai. Maambukizi yalipopona, panya wale waliendelea kupata maumivu kila walipokula protini ile. Kinga iliyo ndani ya ukuta wa utumbo ilikuwa imejifunza kuichukia, kwa sababu ilikutana nayo wakati wa vita. Na hilo lilitokea pale pale utumboni tu, si mwili mzima, ndiyo maana vipimo vya kawaida vya mzio visingeliona. Walipowadunga wagonjwa 12 wenye utumbo uliovurugika chembe za ngano, maziwa na soya kwenye ukuta wa utumbo, wote walionyesha mjibizo kwa angalau kimoja. Kwa watu wazima wa afya wanane, ni wawili tu. Idadi ni ndogo, kwa hiyo tusiibebe kuliko uzito wake, lakini swali limebadilika. Badala ya kuuliza tu "chakula gani kinaniumiza?", tuulize pia "ni lini kilianza kuniumiza, na wakati huo nilikuwa napitia nini?"

Nilipomuuliza mwenzangu hivyo, hakufikiri hata sekunde mbili. "Tangu nitoke fildi."

Kilichopatikana

Tukaenda hospitali, safari hii hatukubeba orodha ya vyakula bali historia: safari ya Agosti, maji ya kisima yasiyochemshwa, kuharisha, kilo tisa. Daktari alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Kijana, uliwahi kupima choo?" Aliwahi, mara moja, mwezi wa tisa, hakikuonekana kitu. "Mara moja haitoshi. Lete mara tatu, siku tofauti."

Sampuli ya pili ikaonyesha Giardia. Ni kimelea cha seli moja kinachosambazwa na maji na mikono michafu, na hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Hakitoki kwenye choo kila siku, kwa hiyo kipimo kimoja kinaweza kukikosa. Kinaharibu vile vijidole, na laktasi inakwenda navyo. Kinaweza kukaa wiki hadi miezi, kikileta gesi, choo chepesi chenye mafuta na kupungua uzito. Dawa zake ni za kawaida na hazina gharama kubwa.

Kumbe maziwa yalikuwa shahidi, siyo mhalifu.

Na wewe ufanye nini?

Sitakuambia una Giardia. Huenda ni laktosi tu, huenda ni seliaki, huenda ni dawa unazomeza: metformini ya kisukari huharisha watu wengi, diklofenaki na ibuprofeni huchubua ukuta wa tumbo, na antibiotiki huvuruga bakteria wa utumbo. Ila mpangilio wa kutafuta unafanana.

Anza na hatari. Ukiona damu kwenye choo, choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila sababu, homa, upungufu wa damu, kutapika kusikoisha, kumeza kwa shida, au kuharisha kunakokuamsha usiku, usianze kuchezea vyakula. Nenda hospitali. Vivyo hivyo kama shida imeanza ukiwa na umri mkubwa, au kwenu kuna historia ya saratani ya utumbo.

Pili, pima kabla ya kuacha. Kipimo cha seliaki hutafuta kingamwili ambazo hupungua ukiacha ngano. Ukiacha mwezi mzima ndipo ukapime, unaweza kuambiwa huna kitu wakati unacho.

Tatu, andika. Wiki mbili za daftari: umekula nini, kiasi gani, saa ngapi, tumbo limefanya nini, umelala vipi, una mtihani au huna. Andika pia siku nzuri. Kumbukumbu ya mtu mwenye maumivu ina upendeleo, inashika yale mabaya tu.

Nne, toa kitu kimoja, au kundi moja linalofanana, kwa wiki mbili hadi nne, kisha kirudishe. Hatua ya kurudisha ndiyo jaribio lenyewe, na ndiyo watu wengi wanairuka. Ukitoa na ukapata nafuu bila kurudisha, hujui kama ni chakula au ni siku zenyewe. Kirudishe kidogo kidogo: robo kikombe, nusu, kikombe kizima. Mara nyingi utakuta una kiwango chako, si marufuku. Onyo: jaribio hili si la mtu mwenye mzio wa kweli. Huyo harudishi kitu nyumbani peke yake.

Mwenzangu alimaliza dozi mwezi wa kwanza. Maziwa yaliendelea kumsumbua wiki kadhaa zaidi, jambo la kawaida kwa sababu ukuta unahitaji muda kupona. Kisha tukaanza kufuta karatasi kwa mpangilio, kitu kimoja kwa wakati: mayai, karanga, mkate, maharage ya kulowekwa. Maziwa yalikuwa ya mwisho. Alinywa robo kikombe, akakaa kitandani akisubiri kana kwamba amepandisha bomu. Hakikutokea kitu.

Kitunguu kibichi bado kinampa gesi mpaka leo. Tumekiacha kwenye karatasi, peke yake, na kachumbari yake anaila bila kitunguu.